Kabla Zege Halijamwagwa: Mhandisi na Fundi Wanapoteana Wapi?

Bodaboda aliniteremsha chini ya mlima, njia ilikuwa imeharibiwa na mvua, nikapanda kwa miguu. Kabla sijaliona jengo nilisikia mixa inazunguka, nikajua nimechelewa. Ilikuwa zahanati, vijijini huku kwetu Kigoma, na siku hiyo ilikuwa ya kumwaga zege la bimu pamoja na kibaraza cha mlangoni, kile kinachochomoza mita moja na nusu ili mgonjwa asinyeshewe akisubiri. Mbele hakina nguzo. Kimeshikwa upande wa ukuta tu.

Kwa bahati walikuwa wameanzia kwenye bimu. Nikapanda ngazi ya miti kuangalia kibaraza. Nondo zilikuwa zimefungwa vizuri kuliko nilivyozoea kuona, mraba kwa mraba, waya umekazwa, hakuna iliyolegea. Tatizo ni kwamba zote zilikuwa zimelala chini.

"Mzee, mbona nondo ziko chini?"

"Slabu nondo zinakaa chini, injinia. Leo nitaanza kuziweka wapi?"

Mimi si injinia, ni fundi sanifu, lakini saiti kila mwenye kalamu na karatasi ni injinia. Na mzee hakuwa anabisha kwa ujinga. Slabu zote alizojenga maishani mwake zilikuwa zimeegemea kuta pande zote mbili, na slabu ya namna hiyo huvutika upande wa chini. Kibaraza kinachoning'inia huvutika juu. Ramani ilionyesha hivyo, kwenye mchoro mdogo wa mkato uliokuwa ukurasa wa nne. Mzee alikuwa amepewa ukurasa wa kwanza peke yake, tena fotokopi.

Nilimwomba saidia fundi mmoja kandambili yake iliyokwisha soli. Nikaichana kwa msumeno wa chuma mara mbili, mkato mmoja juu na mwingine chini, pasipo kuikata kabisa. Nikaibana kisigino kwenye meza ya kukunjia nondo, nikabonyeza upande wa vidole. Mkato wa juu ukaachama kama mdomo wa samaki aina ya mgebuka. Wa chini ukafumba. Mzee akaichukua, akaibonyeza mwenyewe mara tatu bila kusema neno.

"Kumbe inataka kuchanikia juu."

Basi. Zege huvumilia sana kubanwa, ila halivumilii kuvutwa, na nondo huwekwa pale panapovutwa. Kwa saa mbili zilizofuata mafundi walifungua kazi yao na kuifunga upya, wakaweka viti vya chuma vya kuziinua nondo ili watu wakipita juu zisishuke. Kandambili niliilipa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wakisema "wahandisi na mafundi washirikiane" husikika kama wito wa kupendana. Mzee yule na mhandisi aliyechora ile ramani hawakuwa na ugomvi wowote. Hawakuwahi hata kuonana. Kilichopotea kati yao ni sababu: ramani ilisema nondo ziwe wapi, ila haikusema kwa nini, na mtu asiyejua kwa nini atafanya alivyozoea. Na palikuwa na suala la saa. Ningefika saa saba badala ya saa nne, zege lingekuwa limeshafunika kila kitu, na juu pangeonekana pazuri tu.

Ghorofa 16 lilipoporomoka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, nchi nzima ilizungumza. Majengo yetu ya huku mengi ni ya chini, hayaporomoki kwa kishindo. Yanapasuka kwenye kona za madirisha, sakafu inatitia, kibaraza kinaanza kuinama mwaka wa tatu. Hayo hayatangazwi, na gharama yake hulipwa kidogo kidogo na shule au zahanati ambayo haina fungu la ukarabati.

Nani yuko wapi

Kwa mpangilio rasmi pana mhandisi, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya sheria ya mwaka 1997. Chini yake pana fundi sanifu, mwenye stashahada, ambaye husimamia na kupima. Kisha fundi mchundo, anayejenga, aliyepita chuo kama VETA au aliyejifunza kwa kushika mwiko. Halafu saidia fundi na vibarua. Penye kampuni ya ujenzi yumo pia mkandarasi, mwenye bodi yake na daraja lake. Kazi ikiwa kubwa, kama reli au bandari, watu hawa wote wanakuwepo saiti kila siku na wana ofisi ndani ya kontena.

Majengo mengi ya umma vijijini hayajengwi hivyo. Yanajengwa kwa force akaunti: fedha huingia kwenye akaunti ya shule, kijiji au kituo, kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi zinaundwa na wenyeji, vifaa vinanunuliwa na kamati, na fundi anapewa mkataba wa ufundi peke yake. Mhandisi wa halmashauri anasimamia. Utaratibu huu umepunguza gharama kweli, na umewaachia mafundi wa kijijini pesa ambayo zamani ingeondoka na mkandarasi. Mwaka 2021, serikali ilipoamua kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za UVIKO-19, kila darasa kwa shilingi milioni 20, ndiyo njia iliyotumika.

Hesabu iliyosahaulika ni ya watu. Mafundi wanaongezeka kadiri saiti zinavyoongezeka, wahandisi hawaongezeki. Halmashauri yenye wahandisi wawili na saiti thelathini, zilizotawanyika milimani, haiwezi kumweka mhandisi kila mahali siku ya zege. Kwa hiyo swali si jinsi ya kumfanya mhandisi awepo daima. Swali ni siku zipi lazima awepo, na siku nyingine fundi awe na nini mkononi cha kumwezesha kuamua sawasawa.

Ndoo ya pili

Hakuna jambo linalogombanisha saiti kama maji ya zege. Mhandisi anakuta zege linatiririka kama uji, anafoka. Fundi ananyamaza. Mhandisi akiondoka, maji yanaongezwa tena.

Tuanze na upande wa mhandisi, kwa sababu hoja yake ni nzito. Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji, si kwa kupigwa jua. Mfuko wa kilo 50 unahitaji maji takribani robo ya uzito wake ili muungano huo ukamilike, yaani kama lita 12 hivi. Yote yanayozidi hapo yanawekwa ili zege lisambazike tu, na yakishayeyuka huacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji na saruji, jambo ambalo Duff Abrams alilionyesha kule Chicago mwaka 1918 na halijabadilika. Kwa kazi ya kawaida lita 25 kwa mfuko ni kipimo kizuri. Ukifika lita 45 kwa mfuko uleule, umebakiza chini ya nusu ya nguvu uliyolipia.

Kutoka 25 hadi 45 ni ndoo moja tu. Ndoo ya lita 20.

Tena pana maji yasiyohesabiwa. Mfuko mmoja huchanganywa na mchanga wa kama kilo 100. Mvua ikinyesha usiku, mchanga ule unaweza kubeba unyevu wa asilimia 5, yaani lita 5 zilizokwisha kuingia kabla hujagusa ndoo. Asubuhi ya namna hiyo ndoo moja inatosha kabisa. Siku ya jua kali inahitajika ndoo na robo. Anayeandika "lita 25" kwenye karatasi na kuondoka hajamsaidia fundi ambaye mchanga wake umelowa.

Sasa upande wa fundi. Zege gumu ni zito. Linachanganywa kwa sepetu juu ya sakafu, linabebwa kwenye karai, linapanda ngazi ya miti, linamwagwa kwenye boksi jembamba la mbao lililojaa nondo, na hakuna vibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishuke. Anayelishindilia ni kijana mwenye kipande cha nondo. Likiwa gumu halifiki chini, na mbao zikitolewa utakuta mapango kama ya nyuki. Fundi anaongeza maji kwa sababu ameona mapango na hataki kuyaona tena. Kila mmoja anaogopa tatizo la kweli, ila ni matatizo mawili tofauti.

Nimeona mambo yakitulia pale walipokaa dakika ishirini kabla ya kazi na kuulizana: hili zege litafikaje pale? Ikionekana nondo zimebanana, kokoto ndogo zinaagizwa. Vibreta inakodiwa siku moja, na gharama yake inaingia kwenye makisio tangu mwanzo badala ya kuombwa kama zawadi. Mixa inasogezwa karibu. Ndoo inachorwa mstari wa rangi nyekundu, na mtu mmoja, mmoja tu, ndiye anayeshika maji siku nzima. Koni ya kupimia mporomoko wa zege, yaani limelegea kiasi gani, ile ya urefu wa milimita 300, inabaki saiti na fundi anafundishwa kuitumia; haihitaji shahada. Vipande vya kupima nguvu, vile vya milimita 150 kila upande, vinafaa pia, lakini jibu lake kamili hutoka siku ya 28. Kufikia hapo paa liko juu. Koni inajibu papo hapo.

Na kumwagilia. Kila mhandisi huandika zege limwagiliwe siku saba. Nimepitia makisio mengi, na mara nyingi sijaona mstari wa maji hayo. Huku milimani dumu la maji linapandishwa kichwani au kwa pikipiki na lina bei. Kama halimo kwenye makisio, siku ya tatu zege litakuwa limeachwa juani.

Jicho na hesabu

Nondo nazo zina mtego wake, na huu unawanasa hata mafundi hodari. Duka halina nondo za milimita 16, zipo za 12. Ramani inataka nne za 16 chini ya bimu. Fundi anatazama, anaona 12 si mbali na 16, anaongeza moja, anaweka tano. Kwa jicho inaonekana amezidisha.

Nguvu ya nondo hufuata eneo la mkato wake, si upana. Nondo ya 16 ina milimita za mraba 201, ya 12 ina 113. Nne za kwanza ni 804. Tano za pili ni 565. Ameondoa karibu asilimia 30 ya chuma akidhani ameongeza. Hata saba zinapungukiwa kidogo, zinatakiwa nane.

Hapo ndipo mhandisi anayeulizwa kwa simu anapokosea. Anapiga hesabu, anajibu "weka nane", anakata. Bimu ina upana wa milimita 230. Toa zege la kufunika pande mbili, toa ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo, panga nane za 12 kwenye mstari mmoja: nafasi kati ya nondo na nondo inabaki chini ya milimita 10. Kokoto za kawaida ni za milimita 20. Hazipiti. Fundi atakayelazimika kuzipanga ataona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, lakini ameshaambiwa nane, na saiti nyingi amri haijadiliwi. Suluhisho lipo, mistari miwili, ila mstari wa juu unafanya kazi pungufu na hesabu lazima irudiwe. Jibu sahihi linapatikana kwa wawili kuzungumza mara mbili, si kwa mmoja kuuliza na mwingine kujibu.

Ringi nitazigusa kwa kifupi. Kigoma imekaa kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika. Ncha ya ringi iliyokunjwa pembe mraba hufunguka nguzo ikitikiswa. Iliyokunjwa zaidi, nyuzi 135, ikaingia ndani ya zege, hushika. Tofauti kwa fundi ni sekunde chache kwenye meza ya kukunjia. Sijakutana na fundi aliyekataa akishaelezwa. Nimekutana na wengi ambao hawakuwahi kuelezwa.

Habari inayopanda

Mpaka hapa nimezungumza kama vile maarifa yote yanashuka kutoka juu. Udongo unakanusha.

Shule moja ilipimwa kiwanja, yakachimbwa mashimo matatu ya majaribio, yote yakaonyesha udongo mwekundu mgumu, msingi ukachorwa. Siku ya kuanza kuchimba, kibarua mmoja aliyezaliwa jirani na pale akasema kwa sauti ya chini kwamba kona ya bondeni zamani palikuwa na mashimo ya tofali. Watu walifinyanga na kuchoma tofali pale miaka mingi, mashimo yakajazwa takataka, nyasi zikaota. Bahati ni kwamba aliyemsikia alikuwa foromani wa kusikiliza. Walichimba mita moja na nusu wakakuta vigae, majivu na mifuko ya plastiki. Msingi wa kona ile ukashushwa mpaka udongo wa asili, gharama ikaongezeka, jengo halina ufa.

Mashimo matatu hayawezi kuona kila kitu. Mwenyeji anajua maji yanapita wapi mwezi wa nne, anajua mteremko upi ulishuka mwaka gani. Watu wa Katubuka, hapa Kigoma mjini, hawahitaji mtaalamu kuwaeleza maana ya maji kutuama. Ila kibarua halipwi kwa kusema, na akimkatiza injinia mbele ya mwenyekiti wa kijiji anaweza kuambiwa ana kiherehere. Kwa hiyo anayetaka habari hizo aende kuzitafuta: siku moja kabla ya kuchora, azunguke kiwanja na wazee wawili na fundi atakayejenga. Afadhali wakati wa kula. Kwenye ugali wa muhogo na dagaa watu husema mambo ambayo kwenye kikao hawayasemi.

Mji huu una mfano wa zamani kuhusu mchoro kusafiri na watu wake. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Kiwanda hakikutuma masanduku na karatasi tu, kilituma mafundi watatu walioijua, wakafanya kazi na vibarua wa hapa. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoizamisha wenyewe ili adui asiichukue, mafundi walizipaka injini grisi nyingi kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924 injini zilikuwa nzima, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Nani analipa saa ya kusubiri

Turudi kwenye siku zipi mhandisi lazima awepo. Kanuni yangu ni ya kijinga lakini imenisaidia: siku yoyote ambayo kitu kinafunikwa. Msingi kabla ya kufukiwa, nondo kabla ya zege, mabomba kabla ya plasta. Naongeza moja isiyo ya kufunika, siku ya kutoa mirunda chini ya slabu, kwa sababu haraka ya siku hiyo imeshaumiza watu. Katika jengo la darasa au zahanati hizo si siku nyingi, labda sita au saba. Siku nyingine zote picha za simu zinatosha, ila ziwe na tepu imelazwa juu ya nondo ili umbali usomeke. Picha bila tepu inaonyesha nondo zipo tu.

Kwenye karatasi hakuna anayepinga. Saiti inakwama kwa sababu fundi wa force akaunti analipwa kwa kazi, si kwa siku. Nondo zikiwa tayari Jumanne na mhandisi akaja Ijumaa, siku tatu hizo ni za fundi: vibarua wanakula, mixa iliyokodiwa inadai. Fundi anayemwaga bila ukaguzi mara nyingi hajaasi. Amepiga hesabu. Ukitaka asubiri, mkataba useme: fundi atoe taarifa saa 48 kabla, mhandisi au fundi sanifu afike ndani ya muda huo, na asipofika siku za kusubiri zilipwe. Nimeona kamati zikikataa kifungu hicho kwa hofu ya gharama, kisha zikalipa mara tano yake kubomoa lenta.

Kurasa zote za ramani, si wa kwanza peke yake, zibandikwe saiti chini ya nailoni. Na anayezikabidhi apitie mchoro kwa mchoro na fundi huku akimwuliza, si akimweleza: hii utaijengaje? Majibu yake yanaonyesha mapema wapi kandambili itahitajika.

Yule mzee tulikutana tena kwenye kazi nyingine, mwaka uliofuata. Alinipigia simu jioni.

"Injinia, kesho kutwa namwaga kibaraza. Nondo nimeziweka juu. Unakuja?"

Nilikwenda. Nondo zilikuwa juu kweli, na kijana wake alikuwa anamweleza mwenzake kwa nini. Ringi za nguzo zilikuwa zimekunjwa pembe mraba, zote. Hilo nilikuwa sijamwambia.